Huria si Bure

"Si programu ya bure hiyo? Basi unatudai nini?"

Maneno haya niliyasikia kwa masikio yangu katika ofisi moja hapa mjini. Aliyeyasema ni mtu mzima, mwenye heshima zake. Aliyeambiwa ni kijana aliyekaa mbele yake na karatasi ya madai mkononi. Kijana huyo alikuwa amefanya kazi ya wiki sita. Alizisafisha kompyuta kumi na moja za ofisi ile, akaziondolea programu za wizi zilizojaa virusi, akaziwekea programu huria, akahamisha majalada ya miaka tisa pasi na kupotea hata moja, akatafsiri maelekezo kwa Kiswahili, kisha akakaa na makarani siku baada ya siku mpaka mikono yao ikazoea. Alipoleta hesabu yake, mkubwa aliitazama, akacheka, akauliza hilo. Waliokuwapo nao wakacheka. Nami, bora nikiri mapema, nilitabasamu.

Naandika makala haya kwa sababu ya tabasamu lile.

Tuanze na lugha, maana wasomaji wa kurasa hizi ni watu wa lugha. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wake wa GNU, wa kutunga programu ambazo kila mtu angekuwa na haki ya kuzitumia kwa kazi aitakayo, kuyasoma maandishi yake ya asili, kuyabadilisha, na kumgawia mwenziwe nakala. Tabu ilianzia kwenye jina, kwani neno la Kiingereza alilolichagua hubeba maana mbili: kilicho huru, na kisicholipiwa. Tangu hapo mzee huyo amekuwa akieleza, mwaka baada ya mwaka, kwamba anakusudia uhuru kama ule wa kusema, hakusudii bia ya kugaiwa. Mwaka 1998 wenziwe wengine walichoshwa na maelezo hayo, wakabuni jina jengine la chanzo kilicho wazi.

Sisi hatukuwa na haja ya bia wala ya mfano wake. Wataalamu wa mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotutolea Jambo OpenOffice mwaka 2004, walisema "programu huria", na neno likakaa. Huria ni hali ya kitu kutofungwa. Bure ni habari ya bei. Kiswahili kilikwisha kuyatenganisha mambo haya kabla hata kompyuta haijavuka bahari, na sisi wenyewe ndio tunaoyachanganya upya kwa makusudi, kwa kuwa mchanganyiko huo unatufaa mifukoni. Tena neno bure lina ncha ya pili. Tunasema mtu bure, maneno bure, kazi bure. Anayeiita programu huria "ya bure" huwa amekwisha kutoa hukumu mbili kwa neno moja: kwamba haina bei, na kwamba aliyeitengeneza hakufanya kitu cha maana.

Stallman mwenyewe hakuwahi kuwa na fikra hiyo. Mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda za programu yake ya Emacs kwa dola 150 kila kanda. Aliyetaka kumnakilia rafiki yake aliruhusiwa. Aliyetaka kupelekewa kanda alilipa. Leseni ya GPL aliyoitunga, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989, inaruhusu waziwazi kutoza fedha kwa kumpa mtu nakala. Inalolikataza ni kumfungia mpokeaji mlango ambao wewe uliukuta wazi. Basi wanaodai kwamba kuomba malipo ni kuisaliti roho ya programu huria wanaitetea roho ambayo mwenyewe aliyeianzisha haitambui.

Lugha yetu ina hoja nyengine ambayo kila aliyewahi kukaa katika ukumbi wa taarabu anaijua. Mwimbaji akiimba ubeti ukamgusa mtu, mtu huyo huinuka, hujongea kwa madaha, akamtia noti mkononi. Tunasema amemtunza. Na nyumba hutunzwa, mtoto hutunzwa, kisima hutunzwa. Kitenzi ni hichohicho. Hakuna hata mmoja ukumbini anayedhani kwamba yule bibi aliyeinuka na noti yake ameununua wimbo. Wimbo unabaki wa wote. Kesho utaimbwa harusini Mombasa na kesho kutwa Maskati, na hapana atakayesimamishwa forodhani. Lakini mwimbaji naye harudi nyumbani mikono mitupu. Wazee wetu walifahamu kwamba kitu kinaweza kuwa cha watu wote na mtu wake akala, na hawakuliona hilo kuwa fumbo.

Wapo watakaosema kwamba noti ya taarabu ni jambo la hiari na furaha, na kwamba programu ni suala la mitambo. Basi na tuiangalie hiyo mitambo inavyokuwa pasi na kutunzwa.

Kuna programu iitwayo OpenSSL, ambayo kazi yake ni kuyaficha mazungumzo baina ya kompyuta na kompyuta yasisikilizwe na wapita njia. Mtu akiingia katika hesabu yake ya benki kwa intaneti, aghalabu ni hiyo au ndugu yake iliyosimama mlangoni. Mwezi wa Aprili 2014 iligundulika ndani yake kasoro iliyopewa jina la Heartbleed, iliyokuwa imekaa humo kiasi cha miaka miwili ikiruhusu siri kuchungulika. Dunia ikahamanika. Ndipo ilipojulikana kwamba michango yote iliyokuwa ikiingia kwa watu wa OpenSSL ilikuwa yapata dola 2,000 kwa mwaka, na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akiifanya kazi hiyo siku nzima. Makampuni yenye mabilioni yalikuwa yakiteka maji katika kisima kile kila uchao, na hakuna aliyeuliza nani anayezoa tope.

Werner Koch wa Ujerumani aliitunga GnuPG tangu mwaka 1997. Waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu waliitegemea kuficha barua zao. Mpaka mwanzoni mwa 2015 alikuwa amebaki karibu peke yake, akifikiri kuacha atafute ajira ya kumlisha. Khabari zake zilipochapishwa, kampuni za Facebook na Stripe ziliahidi dola 50,000 kwa mwaka kila moja. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini utaratibu unaomngoja mtu akaribie kuzama ndipo atupiwe kamba si utaratibu.

Kisa kinachoniuma zaidi ni cha xz. Ni programu ndogo ya kubana majalada, imo katika seva zisizo na idadi, na kwa miaka mingi iliangaliwa na Lasse Collin wa Finland kwa muda wake wa ziada, pasi na ujira. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumwandikia wakimlaumu kwamba anachelewa. Naye akajibu kwa unyenyekevu kwamba ana matatizo ya muda mrefu ya afya ya akili, na akawakumbusha kuwa hiyo ni kazi ya mapenzi, hailipwi. Katika hali hiyo akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan, mpole, mchapakazi, asiyeomba kitu. Akaaminiwa, akapewa funguo. Mwezi wa Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Akafuatilia, akakuta msaidizi yule amepenyeza mlango wa siri ndani ya xz. Kwa nusu sekunde hiyo dunia iliponea chupuchupu. Nami najiuliza: lau mmoja tu katika makampuni yaliyokuwa yakiitumia xz angelikuwa akimlipa Collin mshahara wa karani, je, angelikuwa mpweke kiasi cha kumkabidhi funguo mgeni wa kwanza aliyemsemesha vizuri?

Hapa nageukia upande wa pili, kwa kuwa wanaomnyima fundi haki yake si wabahili peke yao. Wapo na wachamungu wa jambo hili. Hao husema: aliyetoa ametoa, na anayetoa kisha akaomba ameiharibu sadaka yake. Hoja ina sura ya dini, na katika visiwa hivi hoja ya namna hiyo humnyamazisha mtu upesi. Lakini dini yenyewe imelisemea jambo hili.

Sayyidna Umar bin al-Khattab alipopata ardhi huko Khaybar, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka shauri. Akaelekezwa aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake: ardhi isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Na katika masharti ya wakfu ule limo hili, kwamba msimamizi wake hana lawama akila humo kwa wema, mradi asijilimbikizie mali. Tafakari mizani hiyo, ndugu msomaji. Asili haiguswi. Manufaa ni ya watu. Anayeisimamia anakula, kwa kiasi cha kazi yake, na kula kwake hakuitii doa sadaka. Sijaona, katika mengi niliyoyasoma juu ya maadili ya programu huria, kauli iliyonyooka kuliko hiyo.

Na wazee wetu hawakuishia kwenye nia. Aliyejenga msikiti aliuwekea minazi. Aliyechimba kisima alikitengea nyumba, kodi yake inunue kamba na ndoo. Tunajua pia lililotokea pale kodi zilipobaki shilingi chache ilhali chokaa na boriti zikipanda bei: nyumba za wakfu za Mji Mkongwe zilibomoka ukuta baada ya ukuta, na hali zilibaki wakfu vilevile kwenye madaftari. Nia njema ya marehemu haikupaka chokaa.

Kwa hivyo, fundi wa programu huria ale vipi? Njia zipo, na zimekwisha kujaribiwa. Ya kwanza ni hii ya kijana wetu: kuuza kazi. Kusimika, kuhamisha, kufundisha, kutafsiri, kuja usiku seva inapolala. Mswidi Daniel Stenberg ameiongoza curl tangu mwaka 1998. Ni programu ya kuhamisha data iliyomo ndani ya simu, magari na televisheni. Januari 2022, wakati walimwengu wakihangaika na kasoro ya Log4j, kampuni moja kubwa ambayo hakuwa na mkataba nayo ilimwandikia ikimtaka ajibu maswali kadhaa ndani ya saa 24. Stenberg alijibu kwa adabu kwamba atafurahi kuyajibu yote mara watakapotia saini mkataba wa huduma. Wapo waliouona ujeuri. Mimi nimeuona uungwana uliokamilika: programu wanayo, hakuwanyang'anya, hakuwafungia, wanalolitaka zaidi ni saa zake, na saa zake ni zake.

Wenye SQLite, hifadhi ya data iliyomo karibu katika kila simu, wameitoa programu yao kwa umma pasi na sharti lolote, kisha wakaunda ushirika ambao wanachama wake hulipa ili waandishi waendelee kuitunza. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, inayokusanya takwimu za afya Bara na Zanzibar pia, haiuzwi. Wanaolipwa ni wanaoipanga ikidhi haja ya wizara, wanaowafundisha wauguzi, na wanaoiongezea kinachokosekana, na miongoni mwao wamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazi ya namna hii inalipwa hapa hapa petu, mahali ambapo mwenye kuagiza ameelewa anachonunua. Wapo na wanaotoa programu moja kwa leseni mbili, ya huria kwa wote na ya kulipia kwa asiyetaka masharti ya huria, kama ilivyofanya MySQL. Hiyo naiona halali, ijapokuwa inakaa karibu na ukingo.

Iliyonipendeza zaidi ni ya wale waliojitenga na OpenOffice mwaka 2010 wakaanzisha LibreOffice. Walitaka taasisi isiyoweza kununuliwa. Februari 2011 waliwaomba watu wachangie mtaji wa euro 50,000, zikatimia katika siku nane, na mwaka uliofuata The Document Foundation ikasajiliwa Berlin kwa sheria ya Kijerumani inayoifunga mali kwa lengo lake daima. Mzee yeyote wa Malindi angeusoma utaratibu huo akasema: huu si wakfu? Na ndani ya wakfu huo wamo watu wanaolipwa mishahara.

Sasa kuna kula kusiko kwema. Kampuni ya HashiCorp iliitoa Terraform kwa leseni huria mwaka 2014. Watu wa pande zote za dunia wakaileta mawe yao, huyu marekebisho, yule tafsiri, mwengine mafunzo kwa wenziwe, mpaka jengo likasimama. Agosti 2023 kampuni ikabadilisha leseni, na matoleo mapya yakawa si huria tena. Mwaka 2025 IBM ilikamilisha kuinunua kwa dola bilioni 6.4. Walioleta mawe wakalazimika kujenga upya ubavuni, wakakuita kwao OpenTofu. Redis walifanya kama hayo Machi 2024, kisha Mei 2025 wakarudi kwenye leseni huria. Elastic walifunga 2021, wakafungua tena 2024.

Sitaki kuwaonea. Wanalo la kujitetea, nalo lina uzito: makampuni makubwa yanayokodisha seva yalizichukua programu zao, yakaziuza kama huduma, yakavuna, na kwa watungaji yakarudisha kidogo au hata kidogo hicho yasirudishe. Hiyo ni dhuluma. Lakini dawa yake ilikuwapo, nayo ni leseni kama AGPL, inayomlazimisha anayeiuza huduma naye aweke wazi mabadiliko aliyoyafanya. Ndiyo waliyoirudia Redis na Elastic mwishowe. Aliyeibiwa nazi na jirani hawazibii njia ya kisimani wanakijiji wote. Na msimamizi akishakifanya kisima kuwa mali yake, hata kama ni yeye aliyekichimba, hawezi tena kudai heshima ya waliomsaidia kutoa tope kwa kudhani ni cha wote.

Na hapa petu? Hapa petu dhambi ni ndogo kwa kiasi lakini si kwa aina. Wapo wanaochukua programu huria, wakafuta majina ya waliozitunga, wakabandika nembo yao, wakaiuzia skuli au shirika kwa mamilioni na kumwambia mnunuzi kwamba akimwita fundi mwengine aiguse atavunja sheria. Mnunuzi hajui kuwa anayo haki ya kupewa msimbo, kwa kuwa karatasi ya leseni haikufika mikononi mwake. Mtu huyu hakukosea kwa kuuza. Amekosea kwa kuuza uongo, na kwa kumfunga mtu kwa kamba iliyosokotwa imfungue. Na wapo wafadhili na miradi yao ya miaka mitatu, ambao bajeti zao zina fungu la magari na fungu la warsha za hoteli, ila la kuitunza programu baada ya sherehe ya ufunguzi halimo. Ndiyo maana jina la Jambo OpenOffice leo tunalitaja kwa sauti ya kumbukumbu. Tafsiri ya programu hukauka: kila toleo jipya huja na maneno mapya, na asipokuwapo wa kuyatia Kiswahili kila msimu, Kiingereza hurudi dirishani menyu kwa menyu. Tunaolilia hadhi ya lugha yetu kwenye makongamano tungelijiuliza ni lini tuliwahi kumlipa hata mtu mmoja aifanye kazi hiyo.

Nasema "tungelijiuliza" kwa sababu nami nimo. Diwani yangu ya mwisho niliipanga yote kwa LibreOffice. Nilimlipa mhariri, nikamlipa mchora jalada na mpiga chapa, nikamlipa hamali aliyeyapandisha makasha melini. Kwa waliokitengeneza chombo nilichokikalia usiku wa miezi minane sikutoa kitu, wala haikunipitikia. Nilipoanza kuandika makala haya ndipo nilipopeleka mchango, sawa na bei ya kasha moja la karatasi. Ni kidogo, na nilichelewa.

Yule kijana alilipwa, mwishowe, theluthi ya madai yake. Katika hati ya malipo mhasibu aliandika: takrima. Sasa yuko Dar es Salaam, katika kampuni inayouza programu zilizofungwa, na anapata mshahara wake kila mwezi. Nilipopita katika ofisi ile mara ya mwisho, kompyuta nane kati ya zile kumi na moja zilikuwa zimerudi kwenye programu za wizi, na mbili haziwaki. Karani mmoja alinifuata mpaka ngazini, akaniuliza kama namjua mtu awezaye kuja kuzitazama. Nikamwuliza wametenga shilingi ngapi.